Nimemaliza sheria, ofisi ya ajira chuoni imenipa orodha ya tovuti tu. Nianzie wapi?

Swali: Shikamoo wakili. Mimi ni binti wa miaka 25, nilihitimu shahada ya sheria mwaka jana, GPA yangu ni 3.4. Kwa sasa naishi kwa dada yangu Morogoro. Nilikwenda ofisi ya ushauri wa ajira ya chuo chetu, nikapewa orodha ya tovuti zenye matangazo ya kazi na karatasi ya namna ya kuandika wasifu, basi. Nimetuma maombi mengi. Wachache waliojibu wanasema wanataka aliyepita Law School. Mjomba wangu yuko tayari kunilipia ada, ila anauliza: niende Law School au nisome shahada ya uzamili moja kwa moja? Na hata nikimaliza, kazi ya sheria inapatikanaje kama humjui mtu?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na swali la mjomba, maana ndilo lenye pesa ndani yake. Nenda Law School. Uzamili uache kwanza.

Sababu umeshaanza kuziona katika majibu unayopata. Tangu sheria ya mwaka 2007 ilipounda Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ya pale Sinza tunayoiita Law School, shahada ya kwanza peke yake imebaki nusu ya safari. Huwezi kuapishwa na Jaji Mkuu kuwa wakili bila kupita pale. Wala si uwakili wa kujitegemea tu. Soma tangazo lolote la Serikali la afisa sheria, wakili wa serikali au hakimu mkazi, utakuta sharti hilohilo limeandikwa baada ya shahada. Kampuni binafsi nazo zimeiga. Kwa hiyo maombi uliyotuma hayakukataliwa kwa sababu wewe ni dhaifu. Mengi yaliwekwa kando kabla mtu hajafika kwenye ukurasa wa pili.

Uzamili ungekupa nini leo? Njia kuu ambako uzamili wa haraka unasaidia ni ualimu wa chuo kikuu, na matangazo ya vyuo vya umma kwa kawaida huomba GPA ya 3.8 katika shahada ya kwanza. Uzamili, hata ukiufaulu kwa alama za juu, haurudi nyuma kusahihisha ile 3.4. Sikwambii hivyo kukuvunja moyo. Nataka pesa ya mjomba ifanye kazi. Ukishakaa kazini miaka miwili mitatu, ukajua kama moyo wako uko kwenye kodi, madini, ardhi au miliki bunifu, hapo rudi usome uzamili wa jambo hilo. Utakuwa na maana kwa mwajiri na kwako.

Najua Law School inatisha. Oktoba 2022 matokeo ya kundi moja yaliishtua nchi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani 342, na 265 wakaondolewa. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Dkt. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza tatizo. Lawama zilitupwa pande zote: vyuo, taasisi yenyewe, mitihani, lugha. Mimi ninayekaa na vijana ofisini naona jambo moja linalojirudia kuliko yote. Kijana anafika Law School akiwa hajawahi kuandika hati ya madai hata moja kwa mkono wake. Anaijua nadharia ya kiapo lakini hajawahi kuandaa hati ya kiapo. Halafu anapimwa katika kuandika.

Na wewe una bahati ya mahali ulipo. Morogoro ina Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, mojawapo ya vile vilivyozinduliwa mwaka 2021, ambako Mahakama Kuu na mahakama za chini yake ziko katika jengo moja. Mashauri mengi husikilizwa hadharani na huhitaji kibali cha mtu kuingia. Vaa kwa heshima, kaa nyuma, zima simu, beba daftari. Sikiliza wakili anavyomuuliza shahidi, anavyopinga kielelezo, hakimu anavyomkatiza. Ukirudi nyumbani ingia TanzLII, hazina ya hukumu zetu ambayo ni bure, tafuta hukumu inayohusu ulichokiona, kisha jaribu kuandika wewe hati ya madai ambayo ingefungua shauri kama lile. Ikiwa na makosa haidhuru. Miezi michache ya zoezi hilo kabla ya muhula itakusaidia kuliko kukariri vitini.

Sasa ofisi ya ajira ya chuo. Ninaelewa uchungu wako, ila elewa na wao walivyo. Ofisi hiyo mara nyingi ina watu wachache wanaohudumia walimu, wahasibu, wahandisi na wanasheria kwa pamoja. Huku kwetu ofisi za mawakili haziendi vyuoni kufanya usaili wa wanafunzi kama zile kubwa za Marekani zinavyofanya. Kule pia shule ya sheria inalazimika kutangaza hadharani wahitimu wake wangapi wako kazini miezi kumi baada ya kumaliza, na ni kazi za namna gani. Ningependa sana vyuo vyetu vibanwe hivyohivyo. Mzazi anayeuza shamba kumsomesha mtoto sheria ana haki ya kuona takwimu hizo kabla hajalipa ada.

Lakini hata ofisi dhaifu ina vitu vya thamani ukijua cha kuomba. Usirudi pale kuuliza kama kuna kazi, maana hawana kazi. Omba wakuunganishe na wahitimu wa sheria wa miaka mitano iliyopita wanaofanya kazi Morogoro, Dodoma na Dar es Salaam. Kama ofisi haiwezi kutoa namba zao, iombe iwapelekee ujumbe wako, na anayependa atakujibu. Omba barua ya utambulisho yenye muhuri wa chuo, kwa sababu ofisi nyingi za umma hazikupokei kujifunza bila barua hiyo. Omba wakufanyie usaili wa majaribio, wakuulize maswali kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Halafu toka hapo, panda ngazi hadi kitivo cha sheria. Baadhi ya walimu waliokufundisha ni mawakili wenye ofisi zao au washirika katika ofisi za wenzao. Mwalimu aliyekupa alama nzuri katika somo la mikataba anaweza kukufaa kuliko idara nzima ya ajira. Mwandikie, mkumbushe wewe ni nani na ulifanya nini katika somo lake, umwombe dakika chache tu za ushauri.

Hapo ndipo tunapofika kwenye swali lako la mwisho, lile la kumjua mtu, na nataka nikae hapo kidogo kwa sababu vijana wengi wanakata tamaa bila kulielewa.

Ni kweli kazi nyingi za uwakili hazitangazwi. Katika ofisi yetu hatujawahi kutangaza gazetini nafasi ya wakili mdogo. Si kwamba tunawatunzia watoto wa ndugu. Wakili anapomtuma msaidizi mahakamani anamkabidhi jalada la mteja, siri zake, wakati mwingine hati halisi ya nyumba yake. Tarehe moja ikisahaulika shauri linafutwa na mteja anapoteza kiwanja. Hakuna wasifu unaoweza kumhakikishia wakili kwamba huyu kijana hatasahau tarehe. Kinachomhakikishia ni kumwona akifanya kazi, au kusikia kutoka kwa mtu anayemwamini ambaye amemwona. Konekisheni ya aina hii hairithiwi kwa mjomba, unaijenga mwenyewe, na mahali pa kuijengea ni fildi.

Law School ina sehemu ya darasani na sehemu ya kwenda nje, mahakamani na katika ofisi za sheria. Wengi huichukulia fildi kama muda wa kusainiwa daftari. Mimi nasema usaili wako unaanza siku hiyo. Nikupe mfano. Kijana mmoja alikuja kwetu fildi, mtulivu, wala hakuwa msemaji. Akapewa jalada la mgogoro wa ardhi alipange nyaraka zake kwa tarehe, kazi ambayo wenzake huiona ya karani. Alipomaliza alileta jalada lililopangwa pamoja na karatasi moja aliyoiandika mwenyewe: kwamba kwa tarehe alizoziona, miaka 12 ya ukomo wa kudai ardhi ilikuwa imepita kabla upande wa pili haujafungua shauri, na kwamba hoja hiyo haikuwamo katika utetezi wetu. Chini yake aliweka hukumu mbili za Mahakama ya Rufani. Hakuna aliyemtuma. Huyo hakuomba kazi, aliombwa abaki.

Kwa hiyo ukifika fildi, chagua ofisi kwa kuangalia kama utapewa majalada, usiangalie ukubwa wa jina. Ofisi yenye mawakili watatu wanaokwenda mahakamani kila siku itakufunza zaidi ya ghorofa lenye viyoyozi ambako utapiga fotokopi. Weka kitabu cha tarehe za mashauri yote ya ofisi hata kama si kazi yako. Jifunze mfumo wa kielektroniki wa Mahakama wa kusajili na kusimamia mashauri hadi wazee wa ofisi wawe wanakuita wewe. Hapo kijana ana nguvu ambayo mkongwe hana. Jingine la namna hiyo ni Toleo la Sheria Zilizorekebishwa la mwaka 2023, lililoanza kutumika Julai 2025. Baadhi ya sheria zimebadilika namba za vifungu, na mawakili waliokariri namba za zamani wanahitaji mtu makini wa kuwakagulia. Wasalimie makarani wa mahakama kwa majina yao. Na kila ukiandika kitu kikasahihishwa, omba uone masahihisho, uyahifadhi.

Fildi ikiisha, usipotee. Kila baada ya muda mtumie wakili aliyekusimamia ujumbe mfupi wenye kitu ndani: hukumu mpya inayogusa jambo mlilolishughulikia, au taarifa kwamba umefaulu mtihani. Ujumbe wa "naomba unikumbuke mkuu" anaupokea kutoka kwa kila mtu.

Usifunge macho pia kwa kudhani kazi ya sheria ni joho na mahakama tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa rasmi Aprili 2024. Hospitali, shule, kampuni za mikopo ya simu na vyama vya ushirika vinavyokusanya taarifa za watu vina wajibu wa kujisajili na kuwa na mtu anayesimamia jambo hilo. Wengi wao hawana mtu wa ndani anayeielewa sheria hiyo. Ukiisoma yote pamoja na kanuni zake, ukaenda na pendekezo la kurasa mbili kwa taasisi mojawapo ya Morogoro, utakuwa na cha kuzungumza. Benki na kampuni za bima huajiri maafisa uzingatiaji, wanaohakikisha taasisi inafuata sheria, kwa sababu ya sheria za kuzuia utakasishaji wa fedha. Taasisi ndogo za fedha zimewekwa chini ya sheria yao tangu 2018 na zinahitaji mikataba ya mikopo inayosimama mahakamani. Migogoro ya kazi inapita Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko vyama vya wafanyakazi na vya waajiri huhitaji watu wanaoijua sheria ya kazi vizuri. Kama moyo wako uko kwa wanyonge, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kipo tangu 1995, TAWLA ni ya wanasheria wanawake, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imetoa nafasi kwa watoa huduma hata ngazi ya wilaya. Arusha kuna Mahakama ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambazo huchukua vijana kujifunza. Huko Kiingereza kizuri ni lazima, na Kifaransa kitakupandisha.

Kiswahili nacho usikidharau. Tangu mabadiliko ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya utoaji haki, na mwaka huohuo mawakili waliruhusiwa kuingia katika mahakama za mwanzo zinazoongozwa na mahakimu wakazi. Anayeweza kuandika mkataba safi wa Kiswahili, usio na sentensi za kutafsiriwa, ana soko kuanzia dalali wa viwanja hadi mamlaka ya maji.

Kuhusu mahali: Dar es Salaam imejaa. Utakuta mawakili wamepanga ofisi mlango kwa mlango wakigombea wateja walewale. Ukishaapishwa fikiria Songea, Sumbawanga, Kigoma, hata wilaya zenye migodi au mashamba makubwa. Kule wakili kijana anasimama na shauri lake mwenyewe mapema, anasimamia mirathi, anaandaa mikataba ya mauziano, na akiwa pia kamishna wa viapo anapata kipato cha kila siku cha kumlipia pango. Wazazi huona kama umetupwa. Baada ya miaka michache wanaona tofauti.

Serikalini, fungua akaunti ya Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za Serikali, leo, usingoje tangazo. Usaili wa Sekretarieti ya Ajira huanza na mtihani wa mchujo wa kuandika, kisha mahojiano, na waliofaulu wakakosa nafasi huwekwa katika kanzidata na wanaweza kupangiwa kazi baadaye. Kwa hiyo kwenda kwenye usaili hata kama nafasi ni mbili na walioitwa ni mamia si kupoteza nauli. Watu hukwama kwenye vitu vidogo: matangazo husema wazi kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na sita na matokeo ya muda hayakubaliwi, vinatakiwa vyeti halisi. Mahakimu huajiriwa kupitia Tume ya Utumishi wa Mahakama, nayo ina matangazo yake. Na atakayekuambia anaweza kukuingiza kwa kitu kidogo ni tapeli, hata akiwa na picha za viongozi ukutani.

Nimalizie na mambo mawili ya heshima yako. La kwanza ni pesa. Kabla ya kuapishwa usikubali kuandaa nyaraka za kisheria kwa malipo mtaani. Ni kosa, na jina la kishoka, yaani wakili wa bandia, likikuganda linakufuata hadi kwenye maombi yako ya uwakili. Ukiwa unajifunza katika ofisi, uliza mwanzoni bila aibu: kuna nauli na chakula? Ni kwa muda gani? Ukishaanza kufanya kazi ya mfanyakazi, omba maandishi, kwa maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira yako kwa maandishi. Kijana anayeendesha majalada ya ofisi mwaka mzima kwa nauli tu ananyonywa, na wakili anayefanya hivyo anajua.

La pili ni kwa sababu wewe ni binti. Ukiombwa mwili ili upate nafasi, usainiwe fildi au uajiriwe, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa la jinai chini ya sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007. Ondoka, tunza ujumbe wote, mwambie dada yako siku hiyohiyo, kisha TAKUKURU na wasimamizi wa fildi. Hakuna ofisi ya sheria nchi hii yenye thamani ya kukaa kimya kwa jambo hilo.

Ukiandika kuomba nafasi ya kujifunza, barua yako iwe fupi namna hii: "Mimi ni mhitimu wa shahada ya sheria, nasubiri kujiunga na Law School. Kwa wiki nne zilizopita nimekuwa nikihudhuria mashauri ya ardhi katika mahakama za Morogoro, na nimeambatisha maoni ya kisheria ya kurasa mbili niliyoyaandika kuhusu hoja niliyoisikia huko. Naomba nafasi ya kujifunza ofisini kwenu siku tatu kwa wiki hadi muhula utakapofunguliwa." Ipeleke mwenyewe kwa mkono, asubuhi kabla mawakili hawajakwenda mahakamani, na hayo maoni yawe kweli umeyaandika wewe, maana utaulizwa.

Kabla ya yote hayo, toa vyeti vyako vyote leo jioni uvipange mezani: cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita, shahada, na kitambulisho cha NIDA. Angalia kama jina lako limeandikwa sawasawa katika kila kimoja, herufi kwa herufi. Kama cheti kimoja kina jina la babu na kingine hakina, anza kutengeneza hati ya majina (deed poll) na kuisajili kwa Msajili wa Hati mapema, ili tangazo litakapotoka lisikukute ukiwa kwenye foleni hiyo.